Basketi ya wavu ni ya barabarani, si ya shimoni

Leo sitazungumzia bei ya kobalti wala mashimo ya barabara. Nazungumzia viatu, na zaidi zile basketi za kitambaa cha wavu ambazo siku hizi kila mtu anazo.

Ukisimama asubuhi kwenye njia ya kwenda machimboni, utawatambua watu kwa kutazama miguu yao. Wafanyakazi wa kampuni wanangoja basi wakiwa wamevaa buti za ngozi zenye chuma mbele. Pembeni yao wanapita vijana wanaochimba kwa mikono, gunia begani, sururu mkononi, tochi kichwani. Miguuni wana basketi za wavu. Wengine wana kandambili, wengine wako peku. Wote wanakwenda kwenye udongo uleule na kwenye jiwe lilelile.

Maoni yangu ni haya. Basketi ya wavu ni kiatu kizuri kwa watu wanaotembea sana kama sisi, na inafaa tujue kuichagua na kuitunza. Lakini isishuke shimoni. Na ikiwa imekwisha kukanyaga vumbi la madini, isiingie chumba wanamolala watoto.

Kwanza tuelewe kiatu chenyewe. Kitambaa chake kimefumwa kwa nyuzi za poliesta au nailoni, na kati ya nyuzi kuna matundu madogo. Mguu ukipata moto, joto na jasho hutoka kwa matundu hayo, na hewa ya nje huingia. Ndiyo maana watu husema kinapumua. Chini kina soli ya povu, nyepesi, laini. Mtu anayetembea kutoka Kapata mpaka mjini atachoka kidogo kuliko yule aliyevaa kiatu kizito cha ngozi.

Kiatu hiki kilitokana na mahitaji ya watu wa mbio. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia kilomita 42 na zaidi pale Vienna, Austria, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alivaa kiatu cha kitambaa chepesi sana juu ya soli nene ya povu. Lakini kumbukeni alikimbia wapi: kwenye lami safi na tambarare, njia iliyochaguliwa mahali pasipo na milima. Kiatu kile kililinda nguvu za mkimbiaji. Hakuna aliyetarajia kilinde vidole vyake na jiwe la kilo kumi.

Na sisi tuna nini chini ya miguu? Kuanzia Mei mpaka Septemba mvua haipo, na Kolwezi inakuwa nyekundu. Malori ya madini yanapita, vumbi linapanda, linashuka juu ya majani, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sombe sokoni. Tundu linaloingiza hewa linaingiza vumbi pia. Vua basketi yako jioni, toa soli ya ndani, utaona unga mwekundu umetanda chini yake. Kiatu kinachopumua hapa kinapumua vumbi letu.

Vumbi hili nalo halifanani na la kijiji cha mahindi. Lina shaba, lina kobalti, na mahali pengine lina uranium. Mwaka 2014 watu wa Kasulo waligundua kwamba chini ya nyumba zao kuna kobalti, wakaanza kuchimba ndani ya parsele zao. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya wakaaji wa Kasulo, wakatoa matokeo mwaka 2018. Waliona kobalti nyingi mwilini mwa watu wa pale kuliko katika mtaa wa jirani ambako hakuna uchimbaji. Walioathirika zaidi walikuwa watoto. Wachunguzi walitazama hata vumbi la ndani ya nyumba.

Mwaka 2020 ukatoka uchunguzi mwingine, wa Lubumbashi, juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za mwili. Ulionyesha kwamba kasoro hizo zilionekana zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi zinazohusu madini. Uchunguzi huo haukupima viatu vya mtu, na mimi siwezi kusema kwamba basketi ndiyo iliyoleta ugonjwa. Lakini mwenye akili hujiuliza: vumbi la machimbo linafikaje kwa mama mjamzito ambaye hajawahi kushuka shimoni? Linafika na nguo za baba, na nywele zake, na viatu vyake. Kati ya vitu hivyo, kiatu ndicho kinachobeba udongo mwingi, na kiatu chenye matundu kinaubeba ndani na nje.

Sasa tuje shimoni. Wavu haukingi kitu. Jiwe likianguka, sururu ikiteleza, kipande cha chuma kikisimama, kitambaa kinapasuka na mguu nao unapasuka. Wanaoosha madini majini, na wengi wao ni wamama na watoto, husema basketi ya wavu ni nzuri kwa sababu maji yanatoka haraka. Ni kweli yanatoka, lakini matope laini yanabaki, yanakaa kati ya kitambaa na ngozi siku nzima. Madaktari wa ngozi wanajua kwamba kobalti inaweza kuleta mzio: ngozi inawasha, inakuwa nyekundu, inapasuka. Mguu wenye unyevu na mikwaruzo ndio unaopata shida mapema. Ongeza hapo fangasi kati ya vidole, ugonjwa ambao vijana wengi wanauficha kwa aibu.

Najua jibu la vijana, kwa sababu nimewasikia mara nyingi. Wanasema buti ina joto, ni nzito, na ina bei. Wanasema pia kwamba wakishuka kwenye shimo jembamba, mguu hutafuta vishimo vidogo vilivyochimbwa ukutani, na buti pana ya mpira haishiki. Wengi huvua kila kitu na kushuka peku, kwa sababu vidole vinashika vizuri zaidi. Hayo si maneno ya ujinga. Ni maneno ya watu wanaoijua kazi yao. Na tuseme ukweli wote: buti haizuii ardhi kuporomoka. Tarehe 27 Juni 2019, makumi ya vijana wetu walikufa hapa Kolwezi ardhi ilipowaangukia mgodini. Hakuna kiatu ambacho kingewaokoa.

Lakini si kila anayefanya kazi ya madini yuko ukutani mwa shimo. Kuna wanaobeba magunia, wanaovunja mawe, wanaochagua, wanaoosha, wanaopakia pikipiki, wanaouza pale Musompo. Hao hawana sababu ya kuvaa wavu isipokuwa moja tu: hawana kiatu kingine. Kwa aliye majini, buti ya mpira iliyopanda mpaka chini ya goti inafaa. Kwa anayebeba na kuvunja, buti ya ngozi ya kufunga kwa kamba, yenye chuma mbele na soli yenye meno, inashika mguu vizuri kuliko ile ya mpira. Joto lake hupunguzwa kwa soksi za pamba, jozi mbili kwa siku, moja ikilowa unavaa nyingine.

Wengine watasema haya ni ndoto. Hapana, tumeyaona hapa hapa. Pale Mutoshi kulikuwa na mradi ambamo wachimbaji wa mikono walifanya kazi ndani ya uzio, wakiwa katika kooperative, wakikaguliwa mlangoni, wamevaa kofia ngumu na buti. Mradi ulisimama mwaka 2020 wakati wa korona. Mtu anaweza kuusema kwa mengi, hasa juu ya bei na mnunuzi kuwa mmoja. Lakini ulionyesha jambo moja: mchimbaji akipewa buti, na akiambiwa hakuna kuingia bila buti, anavaa.

Basi nani alipe? Mfanyakazi wa kampuni ana sheria nyuma yake. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamdai mwajiri alinde afya na usalama wa mtu wake. Mchimbaji wa mikono hana mwajiri wa kumdai. Ila Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inamtaka awe na kadi na awe mwanachama wa kooperative iliyokubaliwa. Kama kooperative inakata kitu kwenye kila gunia, kutoka gunia hilo inunue buti. Kama mnunuzi anapeleka kobalti yetu mbali, iwekwe ndani ya betri za magari ya watu wanaopenda hewa safi, na yeye achangie. Congo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Haiwezekani utajiri wa namna hiyo ushindwe kufunika vidole kumi vya mtu anayeuchimba.

Na SAEMAPE, ambao kazi yao ni kuwasimamia wachimbaji hawa, wanapofika machimboni watazame miguu kabla ya kutazama karatasi.

Hayo ni ya machimboni. Sasa turudi kwa basketi yenyewe, kwa sababu sitaki mtu aitupe. Mwanafunzi, mwenye taksi-moto, mama wa sokoni, mwalimu, sisi waandishi, wote tunaihitaji. Tujue tu kuichagua.

Nenda kununua jioni. Mguu ambao umetembea siku nzima huvimba kidogo, na kiatu kinachokutosha asubuhi kinaweza kukubana saa kumi na moja. Jaribu kiatu cha kulia na cha kushoto, ukiwa na soksi, usimame. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Usimwamini muuzaji anayesema kitambaa kitatanuka. Wavu wa poliesta hautanuki kama ngozi, utapasuka pale kidole kidogo kinaposukuma.

Inua kiatu kwenye mwanga. Ukiona jua waziwazi kati ya nyuzi, hicho ni cha mtu anayetembea kwenye lami au ndani ya nyumba. Kwa Kolwezi chagua wavu uliofumwa kwa kubana, au wenye tabaka mbili, na wenye kipande kigumu cha plastiki au ngozi kuzunguka vidole na kisigino. Utapoteza hewa kidogo lakini utapata vumbi kidogo. Rangi nyeupe ni nzuri siku ya picha. Kwa kila siku, rangi ya kijivu au ya kahawia itakupunguzia hasira.

Kikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama chapati, mguu utauma kabla ya kufika Dilala. Bonyeza kisigino kwa nyuma: kiwe kigumu. Pitisha kucha mahali soli inapokutana na kitambaa. Ukiona gundi inaachia, weka chini, hata kama bei inakupendeza.

Kwa mtumba wa balo, kuna la kuongeza. Kiatu kinaweza kuwa kisafi na chenye jina kubwa, lakini povu lake limezeeka ghalani. Libonyeze kwa kidole gumba. Povu zima hurudi mara moja. Lililokufa linabaki na shimo, au lina mistari mingi ya mikunjo pembeni. Tazama pia kisigino kama kimeliwa upande mmoja. Ukivaa kiatu kilicholiwa na mguu wa mwingine, utatembea mwendo wake, na goti lako ndilo litakalolipa.

Baada ya kuchagua, kutunza. Hapa desturi yetu moja ibadilike. Sisi tukirudi nyumbani tunavua viatu, tunavigonga ukutani, pa, pa, pa, vumbi linapanda usoni na watoto wako pale pale. Katika mji huu usigonge kiatu kikiwa kikavu. Kivue nje ya mlango, kifute kwanza kwa kitambaa kilicholowa maji, halafu ndipo ukisafishe. Vumbi lililolowa haliruki.

Toa kamba, toa soli ya ndani, uvioshe peke yake. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki wa zamani ulio laini. Sugua polepole kwa mzunguko, kwa sababu brashi ngumu ya kufulia inakata nyuzi, na tundu moja likifunguka yanafuata mengine. Usiloweke kiatu usiku kucha, gundi inalainika. Usitie javeli: kiatu cheupe kinageuka cha manjano na nyuzi zinachoka. Suuza mpaka maji yatoke safi, maana sabuni iliyobaki inavuta vumbi jipya.

Kisha kijaze karatasi za gazeti ndani, kikae kivulini mahali penye upepo. Badilisha karatasi zikilowa. Usikianike juani siku nzima, na zaidi usikiweke karibu na mbabula. Moto wa makala hukausha haraka kweli, lakini unakunja soli na kuachisha gundi, na kesho utakuwa kwa fundi viatu. Wakati wa mvua, ukiweza, uwe na jozi mbili hata kama zote ni za mtumba. Moja inakauka wakati nyingine inatembea. Kiatu kinachovaliwa kikiwa na unyevu kila siku kinanuka, na mguu wako nao unanuka.

Sasa jambo la mwisho juu ya kuosha, na ndilo ningependa lisikike zaidi ya yote. Viatu vya machimboni viwe na beseni lao. Visioshwe katika beseni la sahani za bukari, wala lile la kumwogeshea mtoto. Maji yake yasimwagwe kwenye lengalenga na matembele ya nyuma ya nyumba. Yamwagwe mbali na kisima na bustani. Na asiyaoshe mtoto. Najua kwetu mtoto ndiye anayetumwa: kaoshe viatu vya baba. Ni heshima, ni malezi. Lakini baba, viatu vilivyotoka kwenye kobalti vioshe mwenyewe, kisha unawe mikono na sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Heshima ya baba haipungui kwa kushika mswaki.

Kwa mashefu wa kartie, walimu na viongozi wa makanisa, ombi langu ni dogo. Semeni jambo hili mkutanoni na ibadani: viatu vya kazini vikae nje. Hakuna faranga inayohitajika kuweka kiboksi cha karatasi au kipande cha gunia karibu na mlango. Kwa wamama wauzaji wa basketi sokoni, mkimwona kijana ananunua pea ya wavu huku sururu ikiwa begani, mwambieni kwamba hiyo ni ya Jumapili.

Na ninyi vijana, vaeni basketi zenu. Vaeni mkienda mpirani, shuleni, kwa wachumba, kwenye ndoa za rafiki zenu. Ziwe safi, zipendeze, hakuna ubaya kijana wa Mashamba kupendeza kama kijana wa Lubumbashi. Lakini mlangoni mwa machimbo, kabla ya kuuliza bei ya gunia leo, anzeni kuuliza kooperative yenu: buti zetu ziko wapi? Ulizeni kesho pia. Nami nitaendelea kuwauliza viongozi wao swali hilohilo, kipaza sauti kikiwa kimewashwa.